Mwana aliye China halilii chai tu

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hiyo yafaa ikumbukwe na kila mzazi wa Timboroa, Burnt Forest na Ainabkoi ambaye mwanawe yuko China kwa masomo au kwa kutafuta riziki, na ambaye kila azungumzapo naye kwa simu husikia malalamiko yale yale. Chai ya huko haina maziwa. Ugali haupatikani, na ukipatikana si mweupe. Mkate una sukari kama keki. Usiku ni baridi na hakuna moto wa kuota.

Aghalabu wazazi huyapokea malalamiko hayo kwa kicheko, na pengine kwa hasira. Huulizana, je, huyu ndiye mtoto tuliyemuuzia ng'ombe, tukamfanyia na harambee, ambaye badala ya kutupa habari za masomo anatupa habari za chai? Majirani nao hawakosi la kuongeza. Husema kwamba vijana wa siku hizi wamedekezwa, na kwamba waliotangulia kwenda ng'ambo miaka ya sitini hawakumsumbua mtu kwa habari za tumbo.

Mimi nasema kwamba kicheko hicho hakifai. Mwana aliye ugenini anapoulalamikia ukosefu wa kitu kidogo cha nyumbani, mara nyingi huwa anajaribu kusema jambo kubwa ambalo hana ruhusa ya kulitaja. Asiyejua kuisikiliza lugha hiyo huenda akaja kujua ukweli wa hali ya mwanawe wakati maji yamekwisha kumwagika.

Safari za watu wetu kwenda China si jambo geni. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika ufalme huo wakiwa na zawadi ya twiga, na watu wa huko wakamstaajabia mno mnyama huyo. Sidhani kama yuko aliyemwuliza iwapo aliikumbuka migunga ya kwao. Katika enzi zetu, Kenya na China zilianzisha uhusiano wa kibalozi tarehe 14 Desemba 1963, siku mbili tu baada ya sisi kujipatia uhuru. Taasisi ya Confucius ya kufundisha Kichina ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na ya Chuo Kikuu cha Moi, jirani yetu hapa Eldoret, ikafuata mwaka 2015. Kijana wa mkulima wa viazi sasa anaweza kujifunza Kichina karibu na kwao, akaomba ufadhili, akaondoka. Mlango umefunguliwa, na ni vyema ulivyofunguliwa. Ninalouliza ni kama sisi tubakiao nyumbani tumejifunza namna ya kuwa wazazi wa watu walioko mbali kiasi hicho.

Tuanze na hiyo chai inayochekwa. Jambo hili lina kinaya chake. Mmea wa chai asili yake ni China, na hata neno lenyewe tulitamkalo chimbuko lake ni huko. Kwetu Kenya chai ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, kwa mbegu zilizotoka India, na leo mashamba yake yametanda hadi Nandi Hills, mwendo usio mrefu kutoka hapa. Basi kijana wetu hutoka katika nchi ya chai, akasafiri hadi kwenye chimbuko la chai duniani, na akifika huko akasema kwamba amekosa chai! Wenyeji wake hawawezi kumwelewa. Wamemkaribisha kwa chai ya kijani iliyo nzuri kuliko zote walizo nazo, na kila kikombe kikipungua wanamwongezea maji moto.

Lakini yeye akitaja chai hataji majani yaliyotiwa maji. Anataja maziwa yaliyokamuliwa alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya misonobari. Anataja sufuria iliyojaa maziwa, maji, majani na sukari, iliyochemka hadi ikataka kufurika, na mtu akakimbilia kuiepua. Anataja kumiminiwa kikombe pasipo kuulizwa kama anataka. Katika nyumba zetu hakuna anayeulizwa kama anataka chai. Anayeingia humiminiwa, awe mtoto wa nyumbani, awe jirani, awe mpita njia aliyekuja kuuliza bei ya viazi. Kwa hiyo kijana asemapo kwamba amekosa chai, fikiri pia kwamba huenda amekosa mtu wa kummiminia.

Ugali nao ni vivyo hivyo. China ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa mahindi yavunwayo, na upande wa kaskazini wako watu waliolelewa kwa unga wa mahindi, wakiupika kwa mvuke na kuufanya mikate midogo iitwayo wowotou. Mahindi yenyewe si ya kwetu wala si ya Wachina, kwa maana sote tuliyapata kutoka bara la Amerika. Hata hivyo unga wa huko ni wa njano, na mgeni akiusonga hupata ugali wa njano. Wazee wetu watakumbuka mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo wakati wa ukame wa mwaka 1984, na jinsi watu walivyoyala huku wamekunja nyuso. Mzee aliyeinung'unikia rangi ya ugali akiwa nyumbani kwake, amezungukwa na mkewe na wanawe, ana haki gani ya kumcheka mjukuu wake anaounung'unikia akiwa peke yake katika chumba cha bweni?

Ama kuhusu mursik, hapo ndipo penye uchungu zaidi kwa mwana wa Wakalenjin. Kila asomaye gazeti hili magharibi mwa Bonde la Ufa anajua jinsi inavyotengenezwa. Kibuyu huoshwa kikakaushwa, kijiti cha mti kama senetwet kikachomwa, na makaa yake yakasuguliwa ndani kwa ufito hadi kuta za kibuyu zikawa nyeusi. Kisha maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, yakaachwa siku kadhaa hadi yakaganda. Kila nyumba ina mti wake iupendao, na kila mama ana mkono wake, hata mtoto aweza kuonja na kusema kwamba hii ni ya kwetu na ile ni ya jirani. Sasa, sheria za forodha za China humkataza msafiri kuingia na maziwa, nyama, matunda wala mboga mbichi katika mizigo yake. Hilo ni jambo la kulinda afya ya mifugo na mimea yao, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini maana yake ni kwamba kibuyu hubaki uwanja wa ndege, au hubaki nyumbani, na kijana huondoka bila kitu ambacho hakuna duka lolote kule alikokwenda liwezalo kumuuzia.

Iko pia baridi. Sisi wa Timboroa hudhani kwamba hakuna awezaye kutufundisha baridi. Tunaishi karibu kabisa na ikweta, lakini stesheni yetu ya reli iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na abiria watokao Mombasa hushangaa kutuona tumevaa makoti mazito mwezi wa Julai. Kijana wetu akiambiwa kwamba China kuna baridi hucheka. Akifika Harbin mwezi wa Januari hukuta nyuzi ishirini chini ya sifuri na zaidi, ingawa huko kaskazini nyumba hupashwa joto kwa mabomba. Akipelekwa kusini mwa Mto Huai, majengo mengi hayana mfumo huo, naye hulala na koti. Lakini hata hapo nasema kwamba si baridi hasa inayomtesa. Baridi ya Timboroa ina dawa yake, nayo ni jikoni. Jioni watu hukusanyika penye moto wa kuni, viazi vikachomwa katika majivu moto, habari za mchana zikasimuliwa. Baridi ndiyo inayotukusanya. Kule ugenini baridi humfungia kila mtu chumbani mwake.

Huenda msomaji akauliza: kama kijana ana upweke, mbona asiseme wazi kwamba ana upweke? Swali hilo ni zuri, na jibu lake liko mikononi mwetu wenyewe. Ufadhili wa serikali ya China kwa kawaida hulipa karo na malazi, na humpa mwanafunzi posho, lakini nauli mara nyingi huiangukia familia. Ndipo hufanywa harambee. Wajomba huchanga, kanisa huchanga, chama cha kina mama huchanga, na mzee wa kijiji husimama akasema kwamba mtoto huyu sasa si wa mtu mmoja bali ni wa kijiji kizima. Maneno hayo ni matamu, lakini ni mzigo pia. Mtoto wa kijiji kizima atawezaje kupiga simu na kusema kwamba amechoka? Atamwambiaje baba aliyeuza fahali kwamba usiku halali? Akisema hivyo atakuwa amewavunja moyo watu mia moja kwa mara moja. Kwa hivyo husema yuko salama. Husema masomo yanaendelea vizuri. Kisha, kwa sauti ya mzaha, husema kwamba amekumbuka chai.

Hiyo ndiyo ruhusa pekee tuliyomwachia. Kulalamikia chakula si usaliti, wala si kukosa shukrani, maana hata sisi wenyewe hulalamika chakula kikikosa chumvi. Huzuni yote ambayo hawezi kuitaja kwa jina lake huipitisha katika tundu hilo dogo. Nasi tukilicheka tundu hilo, naye akanyamaza, huwa tumemziba kabisa.

Kwamba jambo hili si la mzaha lilidhihirika mwaka 2020. Mji wa Wuhan ulifungwa tarehe 23 Januari kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ukaja kufunguliwa tarehe 8 Aprili. Makumi ya wanafunzi wa Kenya walikuwa ndani ya mji huo na viunga vyake, wamefungiwa mabwenini siku sabini na sita, hawawezi kutoka wala kurudishwa nyumbani. Mwezi huo wa Aprili, katika mji wa Guangzhou, Waafrika wengi, Wakenya wakiwamo, walitolewa katika nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini kwa shaka kwamba wana ugonjwa. Wazazi waliokuwa wamezoea kuuliza habari za karo tu wakajikuta hawajui hata jina la rafiki mmoja wa mtoto wao, wala chumba anacholala, wala nani angemgongea mlango akiugua. Walijua alama zake za mitihani. Mengineyo hawakuyajua.

Wapo watakaonipinga. Watasema kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho moja, na kwamba msafiri hana budi kula anachokula mwenyeji. Sikatai. Kijana anayekwenda China akajifungia na kumbukumbu za githeri hatajifunza lugha wala hatapata rafiki, na chakula cha Wachina ni kingi na kitamu kwa anayekipa nafasi. Akitembea sokoni Guangzhou atakuta mboga ya majani iitwayo jielan, ambayo ni ya jamii moja kabisa na sukuma wiki yetu. Akiikaanga kwa kitunguu na nyanya, ugeni utapungua kwa kiasi fulani.

Lakini wanaonipinga wakumbuke pia jinsi Wachina wenyewe walivyoishi walipokuja kwetu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na maelfu ya Wachina wakishirikiana na Watanzania na Wazambia. Watu hao walikuwa na nidhamu iliyosifiwa kila mahali. Hata hivyo, penye kambi zao walilima bustani za mboga za kwao ili waweze kula kama walivyozoea. Hakuna aliyewaita wadekezwa. Tuliona kwamba mtu afanyaye kazi ngumu mbali na kwao anastahili kula chakula kinachomkumbusha yeye ni nani. Tulilowakubalia Wachina tuwakubalie na wana wetu.

Tena iko faida nyingine ambayo sisi wa sehemu hizi, zaidi ya Wakenya wengine, hatupaswi kuipuuza. Timboroa na Burnt Forest ni majina yaliyotajwa kwa machozi mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Majirani walichomeana nyumba, na wengine hawajarudi katika mashamba yao hadi leo. Sasa mfikirie mwana wa Mkalenjin na mwana wa Mkikuyu, wote wa barabara hii moja ya Nakuru kwenda Eldoret, wakikutana katika mji wa mamilioni ya watu wasiowajua. Mmoja ana pakiti ya majani ya chai ya Kenya. Mwingine amegundua duka linalouza maziwa. Wataulizana kura zao, au watatafuta sufuria? Ugenini huwafundisha kwamba waliyogombania wazazi wao ni machache kuliko wanayoyakosa kwa pamoja. Mukimo wa huyu na mursik ya yule vimetoka katika udongo mmoja na ukungu mmoja. Laiti wangerudi na somo hilo pamoja na shahada zao.

Taifa letu, kwa hakika, halina ugeni na thamani ya vitu hivi vidogo. Mwaka 2008 Pamela Jelimo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki, na ilikuwa huko huko Beijing. Mwaka 2015, katika mji uo huo, timu yetu iliongoza dunia nzima katika mashindano ya riadha kwa medali saba za dhahabu. Mabingwa wetu warudipo hulakiwa uwanja wa ndege kwa kibuyu cha mursik, mawaziri wamesimama kando wakipiga makofi. Hakuna anayeuliza kwa nini mtu aliyelala katika hoteli nzuri anapewa maziwa ya mgando. Sote twaelewa kwamba kibuyu kinasema: wewe ni wetu, umerudi.

Chanda chema huvikwa pete, na hilo ni haki. Lakini yule asiye na medali je? Yule mwanafunzi wa uhandisi aliyefeli somo moja akalirudia, yule msichana anayefundisha watoto Kiingereza ili ajilipie chumba, yule mfanyabiashara mdogo aliyepoteza mzigo wake? Hao pia ni wetu. Kama tunajua kumwambia hivyo mshindi siku ya kurudi kwake, tujifunze kumwambia hivyo asiyeshinda siku asipokuwa na mahali pa kurudi.

Nini basi kifanywe? Sipendekezi mambo makubwa. Kwanza, wazazi wajifunze kuzifikia njia za mawasiliano zinazofanya kazi huko, kwa kuwa WhatsApp na nyingine tulizozoea zimezuiwa China, na watu wa huko hutumia WeChat. Mama asiyejua kuitumia amwite kijana wa jirani amsaidie. Pili, anayesafiri apewe vile vinavyoruhusiwa. Majani makavu ya chai hayana uzito, na pakiti mbili hufika mbali kuliko hotuba mbili. Kabla ya kufunga mizigo aulize sheria za forodha, asije akanyang'anywa kitu machoni pake siku ya kwanza. Tatu, vyuo vyetu na taasisi zinazofundisha Kichina ziwaite waliokwisha kurudi wazungumze na wanaokwenda, si juu ya mitihani tu, bali juu ya mwezi wa tatu na wa nne, ambapo ugeni umekwisha kupoteza utamu na likizo bado iko mbali. Nne, balozi zetu zisiwakumbuke raia siku ya Jamhuri pekee. Daftari lenye majina na makazi ya wanafunzi, likitunzwa vizuri, lingewafaa wazazi wengi mwaka 2020.

Lakini kubwa kuliko hayo yote halihitaji serikali wala fedha. Wachina, hasa wazee wao, wana desturi ya kuamkiana kwa kuuliza: umekula? Sisi pia tunayo. Ni swali la upendo, ila kwa mtoto aliye mbali halitoshi, maana atajibu kwamba amekula, na litakuwa jibu la kweli. Mzazi asikomee hapo. Amwulize: umekula na nani? Akitaja jina, aulizwe habari za huyo rafiki, na siku nyingine atumiwe salamu. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, au akisema kwamba alikula chumbani, basi mazungumzo ya karo na yasubiri.

Watu wa Timboroa hawahitaji kufundishwa kusoma mbingu. Mkulima wetu akiona wingu dogo upande wa msitu huanua nguo na kuvifunika viazi vyake, wala hangoji kuloa ndipo aamini. Dalili ya mvua ni mawingu. Mwana wako akikuambia leo jioni kwamba amekumbuka chai ya maziwa, usicheke. Keti chini, umwache aseme.